Ndege za Vita Ziliondoka, Wakaja Ndege wa Kuliwa

Lugha yetu ya Kiswahili ina neno moja tu, ndege, kwa kiumbe mwenye manyoya na kwa chombo cha chuma kirukacho angani. Huko Norfolk, jimbo la mashariki mwa Uingereza lipakanalo na Bahari ya Kaskazini, aina hizo mbili zimerithiana makao. Mahali zilipopangwa ndege za kutupa mabomu katika miaka ya 1943 na 1944 palikuja kujengwa mabanda marefu ya bata mzinga, safu kwa safu, juu ya zege lile lile. Mgeni asiyejua habari hushangaa kuona mabanda yamenyooka kama askari katika gwaride, katikati ya mashamba ya shayiri, ilhali zege lililo chini yake ni pana kuliko barabara yoyote ya vijiji vya jirani.

Habari za viwanja hivi zafaa kusomwa na kila mtu avaaye sare. Askari aishiye kambini huizoea kambi hata akaidhani imekuwapo tangu zamani na itakuwapo daima. Lakini chini ya kambi mara nyingi kuna shamba la mtu, na siku jeshi linapofunga virago hapana budi pawe na jibu kwa swali hili: ardhi hii sasa ni ya nani, na itatumikaje? Watu wa Norfolk wamelijibu swali hilo kwa namna nyingi, nyingine za busara, nyingine za kuchekesha, na moja ambayo hadi leo yaacha uchungu.

Norfolk ni nchi tambarare. Haina milima ya kuzuia ndege iliyojaa mabomu inapopanda polepole, na katika Uingereza yote hakuna sehemu nyingi zilizo karibu zaidi na Uholanzi na Ujerumani. Kwa sababu hiyo, Vita Kuu ya Pili ya Dunia ilipopamba moto, jimbo hilo moja lilijikuta na viwanja vya kijeshi zaidi ya thelathini. Mwaka 1942, kazi ilipofikia kilele, Uingereza ilikuwa ikifungua kwa wastani uwanja mmoja mpya kila siku tatu. Sheria ya dharura ya mwaka 1939 iliipa Serikali uwezo wa kutwaa ardhi yoyote iliyohitajika kwa ulinzi. Mkulima alipewa taarifa na fidia, lakini hakuulizwa kama ameridhika. Visiki viling'olewa, ua za miti za karne nyingi zikafyekwa, na mahali pengine nyumba zikabomolewa kwa kuwa zilisimama katika mstari wa njia ya kurukia.

Kiwanja cha ndege kubwa kilijengwa kwa kipimo maalumu. Njia za kurukia zilikuwa tatu, zikikatana mfano wa herufi A, ili rubani apate kuruka upepo uvumapo kutoka upande wowote. Njia kuu ilikuwa na urefu wa yadi 2,000, yaani kilometa mbili kasoro kidogo, na zile mbili ndogo yadi 1,400 kila moja. Upana wake ulikuwa yadi 50. Kuzizunguka zote ilipita barabara ya zege, na kando ya barabara hiyo palikuwa na vituo vya kuegesha ndege vilivyotawanywa makusudi, adui akija asiziteketeze zote kwa bomu moja. Mabweni, majiko na zahanati vilitawanywa vivyo hivyo, mbali kidogo, misituni na vichakani. Nimeyataja haya kwa sababu yatatufaa mbele: ni zege hilo, na mtawanyiko huo, vilivyoamua kila kiwanja kitakuwa nini baada ya vita.

Kwanza tuwakumbuke waliovitumia. Katika kiwanja cha Watton kilikaa Kikosi Nambari 82 cha Jeshi la Anga la Uingereza. Tarehe 17 Mei 1940, ndege zake 12 aina ya Blenheim zilikwenda kushambulia msafara wa Wajerumani karibu na Gembloux, nchini Ubelgiji. Kumi na moja ziliangushwa. Iliyorudi ilikuwa moja, nayo imechakaa kwa risasi isifae tena. Wakubwa walitaka kukivunja kikosi hicho, lakini kamanda wake, Earl wa Bandon, akakataa katakata, na baada ya siku chache tu kikawa angani tena. Tarehe 13 Agosti mwaka huo huo ziliondoka nyingine 12 kwenda Aalborg, nchini Denmark. Moja ilirudi njiani. Zile 11 zilizoendelea ziliangushwa zote.

Kisha wakaja Wamarekani. Divisheni ya Pili ya Jeshi lao la Nane la Anga ilikuwa na vituo 14, karibu vyote vikiwa Norfolk, vikiuzunguka mji wa Norwich. Huko Tibenham alitumika mchezaji sinema mashuhuri James Stewart, ambaye hakuja kupigwa picha bali kuongoza ndege vitani. Tarehe 27 Septemba 1944, baada ya yeye kuhamishiwa kiwanja cha jirani, ndege 35 za kundi la Tibenham zilitumwa kuupiga mji wa Kassel. Zilikosea njia zikajitenga na msafara mkuu, na ndege za Wajerumani zikazikuta peke yake. Kwa muda wa dakika chache 25 zilianguka katika ardhi ya adui. Zilizotua Tibenham jioni ile zilikuwa nne. Leo Tibenham ni makao ya chama cha warusha ndege zisizo na injini, ambacho kimekuwapo hapo tangu 1959. Chombo huvutwa hadi juu, kikaachwa kielee na upepo kimya kimya juu ya njia ile ile.

Vita ilipokwisha mwaka 1945, Wamarekani waliondoka kwa muda wa miezi michache. Viwanja vikabaki vitupu, mabweni yamefungwa kwa kufuli, ilhali mijini maelfu ya familia hazikuwa na makao kwa sababu ya mabomu na kwa sababu ujenzi wa nyumba ulikuwa umesimama kwa miaka sita. Lililotokea katika kiangazi cha mwaka 1946 litawavutia hasa wasomaji wetu wa polisi. Katika nchi nzima watu walianza kuingia katika kambi za jeshi bila ruhusa, mume, mke, watoto na vyungu vyao. Ilipofika Oktoba, watu karibu 40,000 walikuwa wakiishi katika kambi zaidi ya 1,000 za Uingereza na Wales. Wengi wa wanaume hao walikuwa ndio kwanza wavue sare. Serikali iliona kwamba kuwatoa kwa nguvu kungeleta fedheha kubwa kuliko uvamizi wenyewe. Mabaraza ya miji na wilaya yakaagizwa kuzichukua kambi hizo, kuzifungia maji na umeme, na kutoza kodi ya nyumba. Mjini London, ambako wavamizi waliingia katika majumba ya kifahari, haikuwa hivyo: polisi waliyazingira majengo, na viongozi watano wakashtakiwa. Hivyo katika mwaka mmoja kosa la namna moja lilipata majibu mawili, kwa kutegemea mali iliyoingiwa ilikuwa ya nani.

Turudi Norfolk, tukitazame kiwanja kimoja kwa utaratibu. North Pickenham kilikabidhiwa kwa Wamarekani mwaka 1944, miongoni mwa vya mwisho kabisa. Kundi la kwanza lililokaa hapo, la 492, lilipigana kwa siku 89 tu, likapoteza ndege zaidi ya 50, ndipo likaondolewa katika kazi hiyo. Vita ikaisha, majani yakaota. Mwaka 1958 uwanja ukaamshwa tena, safari hii kwa ajili ya makombora ya Thor, yenye vichwa vya nyuklia na uwezo wa kufika umbali wa maili 1,500. Makombora yalikuwa matatu, chini ya askari wa Kiingereza, lakini kichwa cha nyuklia hakikuweza kuwashwa bila ufunguo wa afisa wa Kimarekani. Desemba ya mwaka huo wapinzani wa silaha hizo walikuja wakaketi mbele ya magari ya ujenzi. Mara ya kwanza waliburutwa matopeni, na mara ya pili polisi wakawakamata. Baadhi yao walikataa kutoa ahadi mbele ya hakimu kwamba hawatarudia, wakala Krismasi gerezani. Mwaka 1963 makombora yote ya Thor nchini Uingereza yaliondolewa. Na baada ya nyuklia, bata mzinga. Hata mwandishi wa vichekesho asingethubutu kubuni mfuatano huo. Katika mwaka 2006 iliongezwa pia mitambo minane ya kufua umeme kwa nguvu ya upepo.

Bata mzinga hao waliletwa na mtu mmoja, Bernard Matthews. Mwaka 1950, akiwa kijana mwenye mshahara mdogo, alinunua mayai 20 na mashine kuukuu ya kuangulia iliyotumia mafuta ya taa. Vifaranga 12 wakatoka. Baadaye alinunua jumba la kifahari la Great Witchingham, na kwa kuwa hakuwa na fedha za kujenga mabanda, akawafuga bata mzinga ndani ya vyumba vya jumba hilo. Alipokua kibiashara ndipo alipovitambua viwanja vya ndege vilivyoachwa. Kwa mfugaji, njia ya kurukia ni hazina: sakafu ya zege imekwisha kumwagwa na kuwekewa mitaro kwa gharama ya Serikali, malori yaweza kupita hata katika masika, na mahali penyewe pako mbali na vijiji, jambo linalosaidia kuzuia magonjwa. Mabanda yakaenea Attlebridge, Oulton, Wendling, Langham na kwingineko. Matthews alifariki mwaka 2010 akiwa tajiri. Wako wakongwe waliorudi kutoka Marekani kutazama mahali walipowaaga wenzao wakakuta bata mzinga kwa maelfu, na mtu aweza kuona ubaya wa hilo. Nami naona wema wake pia, kwani mabanda yale ndiyo yaliyoliokoa zege. Pale ambapo hapakuwa na mfugaji, zege lilivunjwa, likasagwa, likauzwa kuwa kokoto za barabara, na mkulima akapitisha jembe la trekta palipokuwa na historia. Katika viwanja vingi utakuta kipande chembamba tu kilichobaki, upana wa trekta moja.

Zege pia liliwafaa wapenda mwendo wa kasi. Mwaka 1966 Colin Chapman alihamishia kiwanda chake cha magari ya Lotus katika kiwanja cha Hethel, akatumia barabara za ndege kuyajaribu magari. Kutoka hapo yalitoka magari yaliyotwaa ubingwa wa dunia, la mwisho likiwa mwaka 1978 chini ya dereva Mario Andretti. Snetterton, kituo cha kundi lililopata hasara kubwa mno, kiligeuzwa uwanja wa mashindano ya magari na pikipiki tangu mwanzoni mwa miaka ya 1950.

Bircham Newton kina historia ndefu zaidi. Novemba 1918 zilikuwa zikingoja hapo ndege tatu kubwa za injini nne, tayari kwenda kuupiga Berlin kwa mabomu, ndipo vita ikasimamishwa kabla hazijaruka. Tangu katikati ya miaka ya 1960 vijana wamekuwa wakifundishwa hapo uashi, upandaji wa kreni na kazi nyingine za ujenzi. Horsham St Faith kikawa kiwanja cha ndege za abiria cha Norwich, na mabweni yake yakalaza wanafunzi wa Chuo Kikuu kipya cha East Anglia. West Raynham, ambako tarehe 8 Februari 1956 ndege sita kati ya nane aina ya Hunter ziliangamia kwa kufunikwa na ukungu, rubani mmoja akafa, kilifungwa mwaka 1994, kikaachwa kioze kwa miaka mingi. Nyumba za askari sasa zina wapangaji wa kiraia, na uwanja umefunikwa kwa vioo vya kuvuna umeme wa jua.

Jambo la magereza lataka maelezo zaidi. Coltishall kilifunguliwa mwaka 1940, na kutoka hapo Douglas Bader, rubani asiye na miguu, aliongoza ndege zake dhidi ya Wajerumani. Ndege za mwisho, aina ya Jaguar, ziliondoka mwaka 2006, na miaka mitatu baadaye sehemu ya mabweni ikawa gereza la Bure. Huko Watton nako, penye habari ya wale wa Kikosi cha 82, gereza la Wayland lilifunguliwa mwaka 1985 katika sehemu ya kituo. Askari hatashangaa. Kambi na gereza vyafanana kwa mengi: uzio, lango moja lenye mlinzi, mabweni ya wanaume, jiko la kulisha mamia kwa saa moja, na umbali na mji. Tofauti ni upande upi wa lango unaotazamwa na mlinzi. Sehemu kubwa iliyobaki ya Coltishall ilinunuliwa na Baraza la Jimbo mwaka 2013 kwa pauni milioni 4, nayo sasa ina karakana na biashara ndogo ndogo, pamoja na mtambo wa umeme wa jua wa megawati 50 hivi. Kuta nene zilizojengwa kuzikinga ndege na mabomu wakati wa vita baridi zimehifadhiwa kisheria.

Kumbukumbu nazo hazikuachwa kabisa. Huko Thorpe Abbotts mnara wa kuongozea ndege ulikuwa gofu hadi wanakijiji walipoanza kuukarabati kwa kujitolea mwaka 1977, ukawa jumba la makumbusho mwaka 1981. Kundi la kituo hicho lilituma ndege 13 kuupiga mji wa Münster tarehe 10 Oktoba 1943, ikarudi moja. Langham lipo jengo la zege mfano wa chungu kilichofudikizwa, ambamo wapiga mizinga walifundishwa kwa picha za sinema za ndege za adui zilizoangazwa juu ya ukuta wa mviringo. Wale Wamarekani wa Divisheni ya Pili, kabla ya kurudi kwao mwaka 1945, walichangishana fedha zao wenyewe, si kwa ajili ya sanamu bali maktaba. Ilifunguliwa Norwich mwaka 1963, ikaungua mwaka 1994 pamoja na maktaba kuu ya mji, ikajengwa upya mwaka 2001. Wanaokumbukwa humo ni wafu karibu 7,000.

Sasa turudi kwa mkulima wetu aliyetwaliwa shamba. Je, alirudishiwa? Kwa muda hakuna aliyekuwa na hakika, hadi ilipozuka kesi ya Crichel Down, mbali kidogo, katika jimbo la Dorset. Mwaka 1938 Wizara ya Anga ilinunua kwa lazima eka 725 za kufanyia mazoezi ya kutupa mabomu. Mwenye sehemu kubwa ya ardhi hiyo, Lord Alington, alifariki mwaka 1940 akiwa katika utumishi wa Jeshi hilo hilo la Anga. Vita ilipokwisha ardhi haikurudishwa, bali ilikabidhiwa Wizara ya Kilimo, ikapangiwa mtu mwingine. Mkwe wa marehemu, afisa wa zamani wa jeshi la majini, hakunyamaza. Uchunguzi wa hadhara ukafanyika, na Julai 1954 Waziri wa Kilimo, Sir Thomas Dugdale, akajiuzulu kwa makosa yaliyotendwa na watumishi wa wizara yake. Tokea hapo uliwekwa utaratibu kwamba ardhi iliyotwaliwa kwa lazima, isipohitajika tena, apewe kwanza mwenyewe wa asili nafasi ya kuinunua. Hivyo viwanja vingi vya Norfolk vikarudi kwa wakulima, zege juu ya udongo.

Lakini si ardhi yote. Karibu na kiwanja cha Bodney, ambacho ndege zake za kivita zilijulikana kwa pua zilizopakwa buluu, vilikuwapo vijiji sita: Tottington, Stanford, West Tofts, Langford, Buckenham Tofts na Sturston. Kiangazi cha 1942 wakazi waliambiwa wahame kwa muda mfupi, ili jeshi lifanye mazoezi ya risasi za moto. Wengi wao walikuwa wapangaji, si wenye hati. Waliondoka wakiamini kwamba vita ikiisha watarudi. Wengine walikuwa na watoto wao vitani. Vita ikaisha. Jeshi likaona kwamba bado lahitaji uwanja wa mazoezi, na utaratibu wa kumrudishia mwenye ardhi haukuwa na la kumpa mpangaji.

Eneo hilo lingali mikononi mwa jeshi mpaka leo, na Bodney ni sehemu yake. Mwaka 2009 kilijengwa humo kijiji cha mfano, chenye soko na kuta za udongo, ili askari waliokuwa wakienda Afghanistan wazoee mazingira ya huko. Katika vile vijiji vya kweli nyumba zimebomoka. Makanisa manne bado yamesimama, yamezungushiwa uzio, na lile la West Tofts hutumika kwa ibada mara chache. Wajukuu wa wale waliohama wakitaka kuyaona makaburi ya wazee wao, huomba kwanza kibali cha jeshi.